Hoteli ya duara ina kazi ndani, si nje tu

Siku hizi mtu akipata kiwanja ufuoni, la kwanza kumwambia mchoraji ni: "Nataka hoteli ya duara, ya kisasa kabisa." Ukimuuliza kwa nini duara, hana jibu. Basi kabla hamjamwaga zege, ndugu zangu, itazameni hoteli moja ya mbali, juu ya mlima Ještěd karibu na mji wa Liberec, Jamhuri ya Cheki.

Ilifunguliwa 1973, na hadi leo ukiona picha yake utadhani ni chombo cha kwenda mwezini. Umbo lake ni kama zumari lililosimamishwa kinywa chini: pana kwenye mlango, likizidi kuwa jembamba hadi mita 94. Walioagiza walitaka majengo mawili, hoteli mbali na mnara wa televisheni mbali. Msanifu Karel Hubáček akayafanya moja. Kilele kiko mita 1,012 juu ya bahari, upepo wake si wa mchezo, na ukuta usio na pembe haushindani na upepo, huupisha. Sehemu ya juu imevishwa faibaglasi, ile ile wanayoijua mafundi wetu wa maboti, kwa sababu chuma kingezuia mawimbi ya televisheni.

Lakini mimi kilichonivutia zaidi ni ndani. Katikati pana kiini cha zege, na mkahawa na vyumba vinakizunguka, kila chumba mfano wa kipande cha keki: chembamba mlangoni, kipana dirishani. Sasa tia humo kabati la mraba la dukani. Nyuma yake itabaki pembe ya vumbi na mende! Otakar Binar, aliyesanifu ndani, alichora samani za jengo lile lenyewe, vikiwamo viti vya kuning'inia vyenye umbo la yai. Kwenye ukuta wa zege wakapachikwa vioo vizito vya Stanislav Libenský na Jaroslava Brychtová, kama vimondo vilivyoanguka vikanasa hapo.

Wazee wetu wa Lamu nao walikuwa na hesabu hiyo. Vile vyumba virefu vyembamba havikuwa ushamba: upana wake ulipimwa kwa boriti ya mkoko iliyobeba dari, na samani zikafuata.

Kwa hiyo mwenye kiwanja, upepo wa Ještěd huna, una jua. Duara la vioo vitupu halikuachii upande wa kivuli, litakuchoma asubuhi huku na alasiri kule, na bili ya umeme wa viyoyozi utailipa wewe. Na ukija na picha ya duara, njoo pia na fungu la seremala, maana vitanda, makabati na hata mapazia yatakatwa kwa kipimo cha nyumba hiyo peke yake.