Madina Okot: Je, Pointi za Chuoni Zinatosha Kumfikisha Ligi ya Kulipwa?

Wapenzi wa mpira wa vikapu katika Kaunti ya Kakamega walikuwa na swali moja msimu wa 2025/26. Je, Madina Okot, binti wa Mumias aliyechezea Chuo Kikuu cha South Carolina nchini Marekani msimu huo, anaweza kufaulu katika WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake nchini humo? Kwa wakaazi wa Shianda, walio majirani wa Mumias, swali hilo linawagusa pia wazazi ambao watoto wao wanataka kufuata njia hiyo. Makala haya yanaeleza mambo yanayopimwa kabla ya kutoa jibu.

Alikofikia

Okot ana urefu wa mita 1.98. Alicheza voliboli kabla ya kuhamia vikapu, akachezea Chuo Kikuu cha Zetech hapa nchini, kisha akajiunga na Mississippi State mwaka wa 2024. Katika msimu wake wa kwanza huko alifunga wastani wa zaidi ya pointi 11 na kunyakua ribaundi zaidi ya 9 kwa kila mechi. Mwaka wa 2025 alihamia South Carolina, timu ya kocha Dawn Staley, iliyotwaa ubingwa wa vyuo mwaka wa 2017, 2022 na 2024.

Pande mbili za mjadala

Wanaomwamini wanataja urefu wake, ribaundi zake na jinsi asivyopoteza mipira karibu na kikapu. Wanaongeza kwamba aliyeanza mchezo akiwa amechelewa bado ana mengi ya kujifunza, kwa hivyo kiwango chake kinaweza kupanda zaidi. Mfano wa karibu ni Khaman Maluach wa Sudan Kusini, aliyejifunza vikapu nchini Uganda akiwa tayari kijana. Katika Chuo Kikuu cha Duke alifunga wastani wa chini ya pointi 9, lakini mwezi Juni 2025 alichaguliwa wa 10 katika uteuzi wa NBA. Timu ziliangalia urefu wake, ukabaji wake na nafasi yake ya kukua.

Wenye tahadhari wanasema pointi nyingi za Okot hupatikana chini ya kikapu, mahali ambapo chuoni mara nyingi yeye ndiye mrefu kuliko wote. Kwenye ligi ya kulipwa atakutana kila siku na wanawake wa kimo chake, walio na nguvu na uzoefu wa miaka mingi. Wanataka kuona kama anaweza kufunga akiwa mbali kidogo na kikapu, na kama anaweza kumkaba mchezaji mwepesi nje ya eneo la kikapu.

Kipimo kizuri ni Kamilla Cardoso wa Brazil. Naye ni mrefu, alitoka nje ya Marekani na akapitia South Carolina. Msimu wake wa mwisho chuoni alifunga wastani wa zaidi ya pointi 14. Mwaka wa 2024, alipoingia WNBA na timu ya Chicago Sky, wastani huo ulishuka chini ya 10, kisha mwaka uliofuata ukapanda tena. Kushuka kwa mwaka wa kwanza, basi, si dalili ya kushindwa.

Sheria zinazobadilika

Mechi ni dakika 40 chuoni na WNBA, na mstari wa pointi tatu uko umbali ule ule. Tofauti ni kwamba chuoni timu ina sekunde 30 za kurusha mpira, ilhali WNBA ni 24. Hili halitakuwa geni kwa mchezaji aliyelelewa Kenya, kwa kuwa hapa hutumika sheria za kimataifa zenye sekunde 24. Jambo gumu zaidi kwa mchezaji mrefu ni kwamba WNBA haimruhusu mkabaji kusimama chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu kwa karibu.

Nafasi ni chache

Zaidi ya vyuo 350 hucheza katika daraja la juu la wanawake nchini Marekani. WNBA ya mwaka 2025 ilikuwa na timu 13, kila moja ikiwa na wachezaji wasiozidi 12, yaani nafasi 156 pekee. Timu zilipangwa kufika 15 mwaka wa 2026, lakini ushindani unabaki mkali.

Hata hivyo, kulipwa si lazima kuwe Marekani. Mkenya Tylor Ongwae alitoka Chuo Kikuu cha Louisiana-Monroe akaenda kucheza Ulaya, ikiwemo Bakken Bears ya Denmark. Februari 2021 alifunga kikapu cha mwisho dhidi ya Angola, Kenya ikashinda 74 kwa 73 na kurejea AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Kwa wazazi na wanafunzi

Mjadala kuhusu Okot utaamuliwa uwanjani. Kwa familia ya Shianda yenye mtoto mwenye kipaji, lililo muhimu zaidi ni kwamba ufadhili kamili wa chuo hugharamia karo, malazi, chakula na vitabu. Mwanafunzi anayemaliza masomo hubaki na shahada hata asipochaguliwa na timu yoyote.

Vyuo vya Marekani huangalia matokeo ya shule ya upili kabla ya kumruhusu mwanafunzi kucheza. Kwa hivyo mzazi ahifadhi cheti cha KCSE na ripoti za shule, ahimize masomo sambamba na mazoezi, na asitoe pesa kwa mtu anayeahidi nafasi bila barua rasmi kutoka chuo chenyewe.