Je, chembe za titaniamu zinaweza kudhuru uzazi wa wanaume?

KWA zaidi ya miaka 10, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga katika Kaunti ya Kwale ili kupata madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024.

Ilmenaiti na rutaili hutoa oksidi ya titaniamu, unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba, plastiki, na krimu za kukinga jua ambazo watalii hujipaka wakiwa Diani. Sehemu ya unga huo hutengenezwa kwa chembe za nano, zenye upana usiozidi sehemu moja ya elfu kumi ya milimita.

Katika majaribio ya maabara, panya waliopewa chembe hizo, au zile za oksidi ya zinki, walipungukiwa na mbegu za kiume. Zilizosalia zikawa na mwendo dhaifu na maumbo yenye kasoro. Chembe hizo huchochea oksijeni kali mwilini, ambayo huharibu mafuta ya utando wa mbegu pamoja na vinasaba.

Hata hivyo, viwango walivyopewa panya mara nyingi huwa vikubwa mno, na madhara hayo hayajathibitishwa kwa binadamu. Punje za mchanga wa Kwale nazo ni kubwa mno kuliko chembe za nano. Krimu ikipakwa kwenye ngozi isiyo na jeraha, chembe hazipenyi kuingia ndani ya mwili.

Hatari iliyo karibu zaidi ni kuvuta unga au vumbi lake. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku rangi hiyo katika vyakula mwaka 2022, kwa hofu kwamba huenda ikadhuru vinasaba. Fundi anayekwangua au kupuliza rangi afunike pua na mdomo kwa barakoa ifaayo, na afungue madirisha.

Mbegu za kiume huchukua takriban miezi miwili na nusu kukomaa, hivyo madhara ya leo huenda yakaonekana baadaye. Aidha, mwanamume mwenye nguvu za kiume anaweza kuwa na mbegu hafifu bila kujua.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba maishani. Mtoto akichelewa, basi, mke asibebeshwe lawama peke yake. Wote wawili wapimwe.