Kabla Hujanunua Kinyunyizio Kipya

Ukoka ukianza kukauka mabaka mabaka, wenye nyumba wengi hukimbilia dukani kununua vinyunyizio vipya. Mara nyingi hiyo ni hela ya bure. Fungulia maji kwanza, uzunguke bustani, ujiulize swali moja: kinachosumbua ni kinyunyizio kimoja, ni laini moja, au ni bustani nzima?

Kikiwa kimoja, shaka ya kwanza ni uchafu. Fungua pua yake. Ndani aina nyingi zina kichujio kidogo cha plastiki, na humo utakuta mchanga, pengine hata sisimizi waliohamia. Osha kwa mswaki. Usichokonoe tundu kwa sindano, maana likipanuka kidogo tu maji hayatarushwa tena kama yalivyokusudiwa. Ukiona utando mweupe wa chumvi, kama ilivyo kwa maji ya visima vingi vya Dar es Salaam, loweka pua kwenye siki.

Bustani nzima ikilegea, tatizo ni nguvu ya maji, na hapa hesabu haina huruma. Kila mita 10 za kimo huyapa maji nguvu ya takriban bar 1. Tangi lililo kwenye mnara wa mita 3 linakupa bar 0.3 hivi, basi. Vinyunyizio vya kupuliza vinataka kama bar 2, na vile vinavyozunguka hutaka karibu 3. Fundi anayekubadilishia vinyunyizio hapo anakula hela yako tu. Weka pampu, au achana navyo utumie mipira ya matone, ambayo huridhika na nguvu ndogo. Kama pampu ipo na zamani ilitosha, safisha chujio lake, kisha tafuta mahali ambapo ardhi ni tepetepe hata siku ambayo hukumwagilia. Bomba limepasuka hapo chini.

Laini moja ikigoma ndipo ubabaishaji unapozidi, kwa sababu kuna valvu ya umeme na watu wanaiogopa. Bila sababu: nyingi za nyumbani hutumia volti 24 tu. Zungusha koili yake robo mzunguko kwa mkono. Maji yakitoka, valvu ni nzima. Kosa liko kwenye koili, waya au saa ya kuwashia. Pima koili kwa mita ya umeme: ikisoma kati ya ohm 20 na 60, kwa kawaida ni nzima, hivyo fuata waya, hasa pale ulipounganishwa na kuingia unyevu.

Valvu isiyofunga, maji yakitiririka usiku kucha, kwa kawaida imebanwa na punje ya mchanga chini ya kiwambo cha mpira. Funga maji kwenye bomba kuu, fungua skrubu za kifuniko, shika springi isiruke, suuza kiwambo na uangalie kama kimechanika. Kirudishe vilevile kilivyokaa. (Matone ya dakika chache kwenye kinyunyizio cha chini kabisa si ugonjwa, ni maji yaliyobaki bombani.)

Kiwambo kikiwa kimechanika, ulizia kiwambo peke yake. Kwa valvu nyingi kinauzwa hivyo, kwa hiyo usikubali kuuziwa valvu nzima.