Acheni Kuniuliza Kuhusu Helmeti

Kila Agosti, shule za Marekani zinapoanza mazoezi ya futiboli yao, wazazi wetu walioko Columbus, Minneapolis na Dallas huniletea swali lile lile. "Daktari, mtoto tumemnunulia helmeti ya bei mbaya, aina ile wanayovaa wachezaji wa kulipwa. Ubongo wake sasa uko salama, sivyo?"

Sivyo. Nimelijibu swali hili kwa upole mpaka upole umeniishia, kwa hiyo leo tuwatazame hao hao wachezaji wa kulipwa, na hasa Miami Dolphins katika msimu wa 2022. Hiyo ni timu yenye madaktari wake, inayocheza mbele ya wataalamu wa ubongo wasiolipwa na klabu, kamera kila pembe, na helmeti ambazo shule ya mtoto wako haiwezi hata kuziota.

Msimu ulianza kwa raha. Kocha mpya, Mike McDaniel. Mpokeaji pasi mpya, Tyreek Hill, kutoka Kansas City. Kwotabeki Tua Tagovailoa, mwenye kazi ya kupokea mpira na kuamua unaenda kwa nani, alirusha pasi sita za alama katika mechi moja dhidi ya Baltimore, Dolphins wakashinda 42-38 baada ya kuingia robo ya mwisho wakiwa nyuma 35-14. Wiki iliyofuata, tarehe 25 Septemba, wakawakaribisha Buffalo Bills.

Kabla ya mapumziko, beki wa Buffalo alimsukuma Tagovailoa baada ya kuachia pasi. Alianguka chali, kisogo kikapiga nyasi. Akainuka, akatikisa kichwa, akapiga hatua chache, magoti yakalegea akaanguka tena, wenzake wakamshika. Mamilioni waliona. Akapelekwa ndani kupimwa, na kipindi cha pili akarudi uwanjani. Maelezo yaliyotolewa: ni mgongo. Kanuni za wakati ule ziliruhusu mchezaji aliyeyumba arudi iwapo daktari ataamua kwamba kuyumba kwenyewe hakukutoka kichwani. Miami wakashinda 21-19.

Siku nne baadaye, huko Cincinnati, aliangushwa tena, kisogo tena. Safari hii alibaki amelala, mikono imeinuka mbele ya uso na vidole vimekakamaa, kila kimoja na upande wake. Mkao huo tunaujua vizuri sisi tunaofanya kazi hii: ubongo umepata kishindo kiasi cha kupoteza kwa muda udhibiti wa misuli. Akatolewa kwa machela hadi hospitali.

Sasa niambie, katika matukio yote mawili helmeti ilikuwa wapi? Ilikuwa kichwani, imefungwa barabara.

Chukua nazi uitikise sikioni kama wanunuzi wanavyofanya sokoni. Kifuu ni kizima na ndani kuna mwendo. Izungushie godoro uitikise tena: bado kuna mwendo. Helmeti ni godoro la kifuu. Ilibuniwa kuzuia fuvu lisipasuke na damu isivujie ndani, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana, sikatai. Lakini mtikisiko wa ubongo hauhitaji fuvu kupasuka, wala hauhitaji kichwa kuguswa. Kichwa kikiwa kwenye kasi kisha kikasimama ghafla, au kikizungushwa ghafla, ubongo uliomo ndani huchelewa kidogo, ukavutika na kujipinda. Nyuzi za neva hunyooshwa, chembe hai hupoteza mizani ya chumvi zake, na kwa siku kadhaa ubongo huhitaji nguvu nyingi wakati uwezo wake wa kuzizalisha umepungua. Picha ya CT huwa safi kabisa. Hapo ndipo mzazi ananiletea bahasha ya picha: "Daktari, wamesema hana kitu." Wamesema hana damu kichwani. Hilo ni jambo jingine.

Tena helmeti ngumu ilikuwa na gharama yake. NFL, ligi ya hao wachezaji wa kulipwa, iliifanya ya lazima mwaka 1943, na plastiki ilipochukua nafasi ya ngozi, vijana walianza kutumia kichwa kama nyundo. Mwaka 1968 walikufa wachezaji 36 katika ngazi zote za mchezo huo kutokana na majeraha ya uwanjani. Viwango vya ubora wa helmeti vilivyotungwa mwaka 1973 vilisaidia, lakini ilibidi pia mwaka 1976 vyuo na shule zipige marufuku kumvaa mpinzani kwa kichwa.

Na Mike Webster? Alicheza NFL misimu 17, mingi akiwa na Pittsburgh Steelers, akafariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50, akili ikiwa imevurugika. Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, ndiye aliyeuchunguza ubongo wake. Kwa macho ulionekana wa kawaida. Kwenye hadubini ulijaa protini iliyoharibika, na mwaka 2005 akachapisha alichokiona. Webster hakuwahi kucheza mechi ya NFL bila helmeti. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitangaza kwamba walikuta ugonjwa kama huo wa Webster katika bongo 110 kati ya 111 za waliowahi kucheza NFL. Usiitafsiri hesabu hiyo kuwa kila mchezaji atauugua. Zilitolewa na familia ambazo nyingi tayari zilikuwa na wasiwasi. Lakini waliovaa helmeti ni wote.

Mjuzi mmoja hunikumbusha msimu wa 2023. Tagovailoa alibadilisha helmeti, akajifunza jiu-jitsu ili ajue kuanguka, akacheza mechi zote 17 na kuongoza ligi kwa yadi 4,624 za pasi. "Si unaona?" Naona. Naona pia tarehe 12 Septemba 2024, dhidi ya Buffalo hao hao, alipokimbia na mpira mwenyewe, akamgonga beki, mkono ukakakamaa, akakosa mechi nne. Msimu mmoja bila ajali si ushahidi wa kinga. Na wapo wanaoamini mambo ya ajabu zaidi: mwaka 2015 Russell Wilson wa Seattle alidai kwamba maji fulani ya chupa, ya kampuni aliyowekeza fedha zake, yalimwepusha na mtikisiko. Ni maji. Yanakata kiu.

Kilichosaidia Miami mwaka 2022 ni karatasi. Tarehe 8 Oktoba ligi na chama cha wachezaji walibadili kanuni: mchezaji akiyumba harudi, hata apite vipimo. Kesho yake dhidi ya New York Jets, mtazamaji maalumu alihisi Teddy Bridgewater, aliyemrithi Tagovailoa, ameyumba katika mchezo wa kwanza kabisa. Alipimwa, akaonekana sawa, na bado akakalishwa. Miami walichapwa 40-17. Mashabiki walinuna. Mimi nilifurahi.

Hata kanuni hiyo haikutosha. Siku ya Krismasi Tagovailoa aligonga kisogo tena dhidi ya Green Bay. Hakuna aliyemtoa, na robo ya mwisho alirusha pasi tatu mikononi mwa wapinzani. Dalili zilijulikana kesho yake. Timu iliyokuwa imeshinda 8 na kupoteza 3 ilimaliza na 9 kwa 8, ikatolewa na Buffalo 34-31 bila yeye.

Basi, ya kufanya. Akigongwa na kuyumba, kuduwaa, kutapika au kuuliza swali moja mara tatu, atoke, na siku hiyo asirudi. Tangu sheria ya jimbo la Washington ya mwaka 2009, majimbo yote ya Marekani yana sheria ya namna hiyo kwa vijana, idai. Hospitali mara moja kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, akipata degedege, mkono ukilegea au ikiwa haamshiki. Kulala anaruhusiwa, habari ya kumkesheza usiku kucha ni ya zamani. Apumzike siku moja au mbili, kisha matembezi mepesi, simu kidogo, shule polepole. Kurudi mchezoni ni ngazi kwa ngazi, angalau saa 24 kila ngazi, kwa barua ya daktari na si ya mjomba. Helmeti mnunulie, imkae sawasawa. Na kuna futiboli ya bendera, isiyo na kuangushana, ambayo itachezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028.

Kabla ya yote hayo, nenda shuleni ukaulize ni nani mwenye mamlaka ya kumtoa mtoto uwanjani timu ikiwa inafungwa. Jibu likiwa ni kocha peke yake, usisaini fomu.