Mnunuzi wa boti apime mzigo kabla ya kulipa

Wauzaji wa boti zenye chumba cha kulala nchini Marekani wana sentensi moja wanayoipenda: hii unaivuta mwenyewe. Kwa maneno hayo mteja huelezwa kwamba hatalipa kodi ya gati, hatafungwa na ziwa moja, na boti yake italala uani kama gari. Yote hayo yanawezekana. Ambalo halisemwi ni kwamba kuvuta nako kuna gharama, na gharama hiyo haimo kwenye kibandiko cha bei.

Boti inayozungumzwa ni ile ya ukubwa wa kati, ya futi 23 hadi 27, yenye kitanda upande wa mbele, jiko dogo, choo na injini ya petroli. Umbo lake limeamuliwa na barabara zaidi ya maji. Tangu sheria ya usafiri wa barabara ya mwaka 1982, upana uliozoeleka katika barabara kuu za nchi hiyo ni inchi 102, yaani mita 2.59. Kinachozidi hapo huhitaji kibali, na safari ikipita majimbo matatu vibali navyo huwa vitatu. Ndiyo maana boti nyingi za aina hii zina upana wa futi 8 na inchi 6 kamili, wala hazizidi. Mtengenezaji akitaka mteja asimame wima chumbani, nafasi anaitafuta juu. Matokeo yake ni boti ndefu, nyembamba na yenye kimo, ambayo juu ya tela hukamata upepo kama ukuta.

Biashara hii si ndogo. Kampuni ya Bayliner, iliyojijengea jina kwa kuuza boti, injini na tela kwa bei moja, ilinunuliwa na Brunswick mwaka 1986 kwa dola milioni 425. Mwaka huohuo Brunswick iliongeza Sea Ray kwa dola milioni 350. Serikali ilipoweka kodi ya anasa ya asilimia 10 mwaka 1991, iliyotozwa juu ya sehemu ya bei inayozidi dola 100,000, boti nyingi za kuvutwa zilinusurika kwa kuwa chini ya kiwango hicho. Kodi hiyo iliondolewa kwa boti mwaka 1993, baada ya viwanda vya boti kubwa kupunguza wafanyakazi.

Hata choo kina hesabu yake. Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo huikubali boti yenye mahali pa kulala, pa kupikia na choo kuwa makazi ya pili, na riba ya mkopo unaodhaminiwa na boti hiyo inaweza kupunguzwa katika mapato yanayotozwa kodi. Muuzaji hodari halisahau jambo hili. Lakini tangu mabadiliko ya sheria ya kodi ya mwaka 2017 kupandisha punguzo la kawaida, kaya nyingi haziorodheshi tena matumizi yao moja moja, na faida hiyo imebaki kwa wachache.

Twende kwenye mzigo, ambako ndiko fedha na roho za watu zilipo.

Chukua mfano wa baba wa familia mjini Phoenix, Arizona, mwenye gari lililoandikiwa uwezo wa kuvuta paundi 6,000, karibu kilo 2,720. Anaonyeshwa boti ambayo kitabu chake kinasema ina uzito mkavu wa kilo 2,300. Anatoa moja kwa nyingine, anabakiwa na kilo 420, anatia sahihi. Hapo ndipo alipokosea. Uzito mkavu ni boti bila mafuta, bila maji, bila vifaa, na mara nyingi bila tela. Tangi la lita 280 likijaa petroli ni kilo 207 hivi. Maji ya lita 75 ni kilo 75. Nanga na mnyororo wake, betri ya akiba, maboya ya kuvaa, barafu, chakula na magodoro havipungui kilo 200. Tela la ekseli mbili ni kilo 600. Jumla imefika 3,382. Gari limezidiwa kwa zaidi ya kilo 660, na bado mke na watoto hawajapanda, ilhali kila kilo inayoingia ndani ya gari hupunguza kile linachoweza kuvuta.

Tarakimu za uwezo wa gari nazo zina historia. Kwa miaka mingi kila kiwanda kilijipimia kwa namna yake. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kipimo kimoja kiitwacho J2807, na Toyota ikawa ya kwanza kukifuata kwa magari yake ya mwaka 2011. Anayenunua gari la zamani ili kuvutia boti asiamini sana namba iliyomo kwenye tangazo.

Dawa ya utata huu ni rahisi na hugharimu fedha kidogo: mizani ya malori. Vituo vingi vya mafuta vya barabara kuu za Marekani vinayo, na mtu wa kawaida hupimiwa kwa malipo madogo. Msomaji aliyewahi kuona lori likirudishwa kwenye mizani ya Kibaha anajua kwamba karatasi ya mizani haibembelezwi. Mnunuzi mwerevu huomba boti ipimwe ikiwa juu ya tela lake, kisha huongeza mafuta, maji na vifaa. Asiyekubali kuipeleka mizani ana sababu zake.

Sasa msafirishe mtu huyu hadi Ziwa Powell, kwenye mpaka wa Arizona na Utah. Kutoka Phoenix, iliyo mita 330 hivi juu ya usawa wa bahari, barabara ya I-17 hupanda hadi Flagstaff kwenye mita 2,100. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 20 ya nguvu zake katika kimo hicho. Kupanda, gari litachemka na mwenyewe ataona aibu. Hatari iko kwenye kushuka. Matela mengi ya boti yana breki zinazojiendesha zenyewe: tela linaposukuma gari, kiungio hubonyea na breki hushika. Dereva hana kanyagio la kuziamrisha. Katika mteremko mrefu tela husukuma bila kupumzika, breki hushika bila kuachia, na joto hupanda hadi zinaacha kufanya kazi. Dawa ni kuingiza gia ndogo mapema, kabla mteremko haujaanza.

Namna boti ilivyokaa juu ya tela nayo ni muhimu kama uzito wake. Takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wote inatakiwa ilalie kiungio cha gari. Ikipungua sana, tela huanza kuyumba kwa mwendo wa kasi, na kila kuyumba huzaa kuyumba kukubwa zaidi. Ikizidi sana, mkia wa gari huinama na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Boti husogezwa mbele au nyuma kwa kuhamisha nguzo ya winchi, lakini isisogezwe hadi mkia wake, penye injini, ukaning'inia nje ya mbao za tela. Boti iliyopandishwa hivyo miaka miwili hupinda tumbo, na fundi atakayeinyoosha hayupo.

Mteremko wa kushushia boti una mila zake. Baada ya safari ndefu, magurudumu ya tela huachwa yapoe, kwa sababu beringi yenye moto ikitumbukizwa kwenye maji baridi huyavuta ndani na grisi huharibika. Waya wa taa huchomolewa. Kizibo cha chini hurudishwa, na usicheke: kila msimu wapo wanaokisahau. Wakati wa kupandisha, kosa la wageni ni kuzamisha tela kupita kiasi. Boti huelea upande, hukaa mshazari, na dereva hugundua akiwa tayari barabarani.

Ziwa Powell limetoa somo jingine. Mwaka 2021 ukame ulishusha maji hadi njia nyingi za kushushia boti zikafungwa, na mwaka 2023 kina kilifika chini kuliko wakati wowote tangu ziwa lilipoanza kujaa katika miaka ya 1960. Mwenye boti ya kuvutwa alikuwa na la kufanya: aliipeleka kwingine. Hapo ndipo madai ya muuzaji yalipothibitika. Hata hivyo kuondoka nako kuna masharti, kwa kuwa ziwa limevamiwa na kome wadogo aina ya quagga, na boti inayotoka lazima isafishwe, imwagwe maji yote na ikaushwe kabla ya kuingia maji mengine.

Kuhusu soko lenyewe, mwaka 2020 Wamarekani walinunua boti mpya za injini kwa wingi usioonekana tangu mwaka 2008, wakati mikopo ilikuwa rahisi. Kufikia Julai 2023 benki kuu ilikuwa imepandisha riba yake hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Mkopo wa dola 60,000 kwa riba ya asilimia 8 na miaka 15 ni dola 573 kila mwezi, na mlipaji humaliza akiwa ametoa zaidi ya dola 103,000. Akilazimika kununua na gari kubwa zaidi, mkopo wa pili hukaa juu ya wa kwanza. Kwa hesabu hizo boti iliyokwisha tumika, ikinunuliwa msimu wa baridi unapokaribia na mwenyewe hataki kulipia mahali pa kuihifadhi, ina maana zaidi kuliko mpya.

Mnunuzi wa boti iliyotumika adai hati za tela pia, kwani katika majimbo mengi husajiliwa peke yake. Kisha ainame asome ubavu wa tairi. Namba nne za mwisho za alama ya DOT hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi hilo linaweza kuwa na kashata zote na bado likapasuka njiani kwa uzee, na bei ya seti nzima ikatwe kwenye bei ya boti papo hapo.