Menyu ya kuwasha ikipotea, usikubali baformate mashini yako

Neno moja kwanza. Kama mashini yako iko na Windows na Linux, na asubuhi moja ikaingia Windows moja kwa moja bila kukuuliza unataka upande gani, Linux haijafutika. Memwari yako iko pale, data zako ziko pale. Kilichobadilika ni mpangilio wa orodha moja fupi, na orodha yenyewe haikai hata kwenye diski.

Ninaandika juu katika wiki hizi za kumaliza memwari nimeletewa mashini tatu za wanafunzi zenye shida hiyo hiyo, na mara zote tatu fundi alikuwa ametoa jibu moja: tuformate. Mmoja wao alikuwa na vipimo vya mihogo vya misimu miwili upande wa Ubuntu, pamoja na hesabu zake zote za R. Kuformata ni kufuta. Na hakuna fundi atakayekurudishia misimu miwili ya shamba. Njo maana mwenye mifumo miwili anapashwa kuelewa yeye mwenyewe namna mashini inachagua pa kuanzia. Mimi ni mtu wa udongo, si wa informatiki, lakini hapa hakuna uchawi.

Kwenye kadi mama ya mashini kuna programu ndogo inayoamka kabla ya Windows na kabla ya Linux. Kwa mashini za zamani inaitwa BIOS. Kwa nyingi zilizotoka tangu Windows 8 ya mwaka 2012, inaitwa UEFI. UEFI inatunza orodha yenye namba: Boot0000, Boot0001, na kuendelea, pamoja na mpangilio wa nani aitwe wa kwanza. Kila namba inaelekeza kwenye faili iliyo katika kipande kidogo cha diski, mara nyingi MB 100 mpaka 500. Ndani ya kipande hicho Windows iko na folda yake, Ubuntu na yake.

Ni kama protokole kwenye karamu ya ndoa. Anashika karatasi, anaita jina la juu. Jina la juu likiwa ubuntu, inaamka GRUB, na GRUB njo inakuonyesha ile menyu ya kuchagua. Likiwa Windows Boot Manager, unaingia Windows na GRUB haiitwi hata kidogo. Haijakufa, iko imekaa kwenye kiti inangoja. Mara nyingi anayegeuza karatasi ni Windows, inapojirekebisha kwa ukubwa kupitia intaneti. Kwa mashini zingine ni betri ndogo ya kadi mama: ikiisha nguvu, mipangilio inarudi ya kiwanda.

Sasa ufanye nini? Anza na jaribio lisiloharibu kitu. Zima mashini kabisa, iwashe, na papo hapo finya-finya F12 kama ni Dell ao Lenovo, F9 kama ni HP, Esc kama ni Asus. Itatokea menyu ya mara moja tu. Ukiona ubuntu, chagua. Ikiingia, kabla ya kutengeneza chochote kopi memwari kwenye flashi. Kabla ya chochote, ninarudilia.

Kisha fungua terminali, andika sudo efibootmgr. Utaona namba zote na mstari wa BootOrder. Tuseme ubuntu ni 0003 na Windows ni 0000: sudo efibootmgr -o 0003,0000 inarudisha menyu yako. Weka namba zako, si zangu, na zile zingine zilizokuwa kwenye mstari uziongeze nyuma. Amri ninayoipenda zaidi ni sudo efibootmgr -n 0000: mashini itaingia Windows mara moja tu, na ukiiwasha tena inarudi kwenye mpangilio wa kawaida. Asiyependa terminali anaweza kupandisha ubuntu juu ndani ya mipangilio ya UEFI yenyewe, kwa F2 kwenye Dell ao F10 kwenye HP.

Na kama jina ubuntu halimo kabisa katika orodha? Bado usiogope. Washa mashini kwa flashi ya Ubuntu, chagua kuijaribu bila kuinstale, fungua diski, kopi faili zako. Baadaye njo utatafuta mtu wa kuandika upya jina kwenye orodha, ao wa kurudisha GRUB. Fundi asiyejua kufanya hivyo bila kuformata, mushukuru na uchukue mashini yako.

Kuna shida ya upande mwingine: GRUB inatokea lakini Windows haimo. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kutafuta mifumo mingine kumezimwa kwa kawaida. Katika faili /etc/default/grub ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha sudo update-grub. Mukiwa humo humo, GRUB_TIMEOUT=10 inawapa sekunde kumi za kuchagua. GRUB_DEFAULT=saved pamoja na GRUB_SAVEDEFAULT=true zinafanya mashini ikumbuke upande muliotumia mwisho.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kugusa UEFI. Mashini nyingi za Windows 11 zinafunga diski kwa BitLocker, na ukibadilisha mipangilio ya kuwasha inaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48. Utafute mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi. Pili, Windows inapozimwa mara nyingi haizimiki kweli, inalala nusu ili iamke haraka, na Linux ikifungua diski yake itasoma tu, haitakubali kuandika. Ndani ya Windows, kwa haki za msimamizi, powercfg /h off inamaliza jambo hilo.

Na ile saa inayowachanganya watu: Windows inaandika saa ya hapa kwenye kadi mama, Linux inaisoma kama saa ya dunia, UTC, halafu inaongeza masaa mawili yetu ya Bukavu, Goma na Lubumbashi. Ni saa nane ya mchana, yenyewe inakuonyesha saa kumi. Amri ni timedatectl set-local-rtc 1. Kwa wenzetu wa Kinshasa tofauti itakuwa saa moja tu.