Gitaa la Jadotville limefika Kalundu: na nyimbo zetu, nani anaziandika majina?

Pale Kalundu, karibu na bandari, kuna kibanda kimoja cha kuchaji simu. Mutu analeta simu yake, analipa kidogo, na akipenda anatiliwa nyimbo katika kadi memwari: za Kinshasa, za Bujumbura, za Dar es Salaam, na kwaya za kanisa. Wiki iliyopita tulikuta hapo vijana watano waliokuwa wanangojea gari la kurudi kwenye zahabu ya Misisi. Walikuwa wamenyamaza kabisa, wanasikiliza. Hakuna ngoma, hakuna piano ya umeme. Gitaa moja tu. Kidole gumba kinapiga chini, kidole cha pili kinajibu juu, na kijana anaimba kwa Kiswahili cha Katanga.

Mumoja wao akatuuliza kama huyu ni mwanamuziki wa sasa ao wa zamani. Tukaangalia simu. Iliandika tu: Track 04. Hakuna jina, hakuna muji, hakuna mwaka.

Sisi tulimutambua. Ni Mwenda Jean Bosco, na sauti yake ilichukuliwa mwaka wa 1952. Wale vijana walicheka, walizani tunawadanganya. Ndiyo maana leo tunapenda kuwaelezea wasomaji wetu, wachimbaji na jamaa zao, habari ya sahani moja iliyokusanya nyimbo za watunzi wa Katanga. Tuna sababu nyingine pia, tutaisema mwishoni.

Kijana wa Bunkeya

Bosco alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, katika ukoo wa wafalme wa Wayeke. Hakuwa mutu wa kushuka katika shimo. Alifanya kazi za ofisi. Lakini alikaa Jadotville, muji ambao leo tunauita Likasi, katikati ya inchi ya shaba na kobalti. Kampuni ya Union Minière ilikuwa na kambi zake kule, na katika kambi waliishi watu kutoka pande nyingi: Waluba, Wabemba, watu wa Kasai, hata watu waliochukuliwa kutoka Rwanda na Burundi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Mutunzi aliyetaka kusikilizwa na kambi yote aliimba Kiswahili.

Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alikuwa anazunguka na gari lake na mashini ya kuchukua sauti. Akamukuta Bosco barabarani Jadotville, anapiga gitaa. Alikuwa na miaka 22 hivi. Tracey akachukua nyimbo zake palepale. Wimbo mumoja, "Masanga", ulipata zawadi ya kwanza ya Osborn kama muziki bora wa Afrika wa mwaka ule. Nyumba ya Gallo ya Johannesburg ikatoa nyimbo za Bosco katika sahani zenye alama ya Gallotone.

Sahani za wakati ule zilikuwa nzito, za kuzunguka mara 78 kwa dakika moja. Upande mumoja ulibeba karibu dakika tatu tu, na sahani ikianguka inapasuka kama kikombe. Basi mutunzi alipaswa kusema habari yote katika dakika tatu: kushauri, kutania, kulilia mutu, kisha kumaliza. Wenye kutunga nyimbo leo wangeweza kujifunza jambo hapo.

Kuimba na kuchekesha ilikuwa kazi moja

Kuna jina lingine ambalo wazee wa Katanga hawasahau: Edouard Masengo. Huyu alitoka katika kundi la Jecoke, ni kusema Jeunes Comiques de la Kenya. Musikose njia: hapa Kenya si ile inchi ya jirani, ni komini ya Lubumbashi. Wale vijana walikuwa watu wa jukwaani. Walicheza, waliruka, walichekesha, waliimba, yote katika onyesho moja. Kwao gitaa halikuwa jambo la kukaa peke yako kwenye mulango wa nyumba. Lilikuwa sehemu ya mchezo, na wimbo ulipaswa kueleweka na mutu aliyesimama nyuma kabisa.

Ule moyo wa mchezo ndio unasikia katika nyimbo nyingi za Katanga. Muimbaji anamuita mutu kwa jina, anamuuliza, anamujibu, anamucheka. Unaona nyumba, unaona kambi. Haujasikia wimbo tu, umeona onyesho.

Sifa zao zikavuka mipaka. Mwaka wa 1959 Bosco alienda Nairobi, akakaa kule miezi, na sauti yake ikatumika redioni kutangaza dawa ya Aspro. Masengo naye alifika Nairobi, akaimba nyimbo za kutangaza Coca-Cola. Wapiga gitaa wa Kenya waliwasikiliza na kuiga vidole vyao. Mwaka wa 1969 Bosco alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Wakati wa Mobutu, majina ya Kizungu yalipokatazwa, akajiita Mwenda wa Bayeke. Alikufa mwaka wa 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Masengo alikufa mwaka wa 2003.

Sahani iliyokusanya

Sasa tufike kwenye ile tuliyosikia Kalundu. Miaka zaidi ya 40 baada ya Tracey kupita Jadotville, Michael Baird, mwenye nyumba ya sahani ya SWP Records katika muji wa Utrecht, Uholanzi, alirudi kwenye kanda za Tracey. Kanda hizo zinalindwa na ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey mwenyewe aliianzisha mwaka wa 1954, na leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Baird akachagua nyimbo za gitaa za Kongo ya Kusini na Zambia ya Kaskazini, zilizochukuliwa kati ya mwaka wa 1950 na 1958, akazisafisha, akazitia katika CD moja: "Origins of Guitar Music", maana yake asili ya muziki wa gitaa. Bosco yumo, pamoja na wengine ambao sahani zao zilikuwa zimepotea sokoni zamani.

Tuseme ukweli: hatukushangaa kwamba sauti imesafishwa vizuri. Kilichotugusa ni karatasi iliyo ndani ya ile CD. Kila wimbo uko na jina la mwenye kuimba, mahali, na mwaka. Kuko watu humo ambao hawakujulikana tena na mutu yeyote, waliimba wimbo mumoja ao mbili, wakarudi kazini. Lakini majina yao yako. Mujukuu wao akitafuta leo, atamupata babu yake.

Halafu wimbo uleule ukitoka katika CD, ukapita katika kompyuta, ukaingia katika simu ya Kalundu, jina linaanguka njiani. Mutu anabakia Track 04. Miaka 70 kazi ilikuwa ya kulinda jina. Dakika moja imetosha kulifuta.

Wimbo uko na mwenyewe

Wengi wetu tunazania wimbo wa zamani ni wa kila mutu, kama maji ya ziwa. Hapana. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi inasema haki ya mutunzi inadumu maisha yake yote, na miaka 50 kisha kufa kwake inabakia kwa warizi wake. Basi nyimbo za Bosco ziko na wenyewe mupaka karibu mwaka wa 2040. Zamani kazi ya kukusanya feza za watunzi ilikuwa ya SONECA, iliyoanzishwa mwaka wa 1969. Tangu mwaka wa 2011 ni ya SOCODA.

Tunajua musomaji atasema: SOCODA na sisi wa machimbo ni wapi na wapi? Kweli, feza za haki ya mutunzi hazijulikani sana huku kwetu. Lakini hakuna feza, hakuna haki, hakuna hata sifa, kama jina halikuandikwa. Jina ndilo mulango. Na huo mulango haulipishi kitu.

Hapa ndipo tunafika kwenye ile sababu yetu ya pili.

Simu iliyokufa

Tulipokuwa tungali Kalundu, mama mumoja alifika kwenye kile kibanda na simu iliyopasuka kioo. Hakutaka kuitengeneza ili apige simu. Alitaka sauti iliyo ndani. Bwana yake alikuwa muchimbaji, na mangaribi, kisha kazi, alikuwa anapiga gitaa alilolitengeneza mwenyewe kwa mbao na waya. Alitunga nyimbo juu ya shimo, juu ya madeni, juu ya wamama wenye kutwanga mawe ya zahabu. Wenzake walizijua zote kwa kichwa. Shimo lilibomoka, akabakia ndani. Mama alisema nyimbo zake bado zinaimbwa kule machimboni, lakini wachimbaji wapya wanasema ni nyimbo za kule tu, hazina mwenyewe.

Yule kijana wa kibanda alifungua simu, akatoa kadi memwari, akaitia katika mashini yake. Kulikuwa nyimbo tatu. Ya tatu ilikatika katikati: mutu alikuwa amepiga simu wakati wa kuchukua sauti. Mama akasikiliza zote akisimama. Wale vijana wa Misisi walitambua ya pili, mumoja akaanza kuiimba polepole, kisha akanyamaza alipoelewa huyu mama ni nani.

Tuliomba karatasi. Tukaandika jina la mutunzi, jina la machimbo, mwaka, na jina la kila wimbo kama mama alivyotuambia. Kijana wa kibanda akabadilisha majina katika mashini: pale palipokuwa namba tu, sasa kuna jina la mutu. Hatulitii hapa gazetini, mama ametuomba hivyo mupaka azungumuze kwanza na wakubwa wa jamaa.

Basi, ndugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto munaobakia Uvira, Makobola, Mboko ao Baraka, tunawaomba mambo manne. Ukichukua sauti ya mutu kwa simu, muache kwanza yeye mwenyewe aseme jina lake, mahali na tarehe, kisha aanze kuimba. Usiache wimbo katika simu moja. Utie katika kadi mbili, moja ikae nyumbani, mbali na shimo. Mukiwa wengi mumetunga pamoja, muandike majina yote siku ileile, kabla ya feza kufika, kwa maana kisha feza kila mutu anakumbuka yake. Na mutu wa studio akitaka wimbo wako, muandikiane karatasi, hata ya daftari la mutoto wa shule, na kila mutu abakie na yake.

Barabara ya taifa namba 5 inatoka Lubumbashi, inapita Kalemie na Fizi, inafika hapa Uvira. Gitaa la Jadotville limekuja kwetu na jina lake limepotea njiani. Wale vijana watano, kabla ya kupanda gari, waliomba kijana wa kibanda awatilie nyimbo zote: zile za Bosco na zile tatu za muchimbaji. Tuliangalia katika simu zao. Majina yalikuwamo.